Siku Protokole Alipozuia Makofi

Huku kwetu Mulongwe kila mtu alimwita Protokole, hata mke wake, hata padri alipokuwa akisoma matangazo ya Jumapili. Jina lake la kwenye kitambulisho sikulijua wala sikulitafuta. Nilimfahamu miaka mingi, nilishona na kurudia kushona koti lake, nililia kwenye matanga aliyoyaongoza na kucheza kwenye arusi alizozifungua, na sikumbuki siku niliyojiuliza mtu huyu ametoka kijiji gani. Alikuwa Protokole, basi, na hiyo ilitutosha.

Kwa asiyejua, protokole kwetu ni yule anayeshika mikro, kipaza sauti, penye mkusanyiko. Anapokea wageni, anaonyesha nani akae wapi, anasema nani atasema sasa na nani angoje, na kila mtu akimaliza kusema yeye ndiye anayeomba makofi. Arusi isiyo na protokole ni kundi la watu wanaokula tu. Matanga yasiyo na protokole huishia kwenye ugomvi wa wakwe. Tulikuwa na maprotokole wengine pale kartieni, mtaani kwetu, vijana wenye viatu vya kung'aa na Kifaransa kingi, lakini mtu akiwa na shughuli ya maana aliulizwa kwanza kama amemwona yule muzee.

Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa mwembamba, mabega yamelala, shingo ndefu ikichungulia kwenye kola, na ukimwona sokoni amebeba mfuko wa muhogo usingemdhania lolote. Halafu alishika mikro. Kwanza aliipiga kidole, akapuliza, akasema, "Moja, mbili, moja, mbili," huku akitazama mbali kama mtu anayesikiliza mwangwi wa milimani. Hata umeme ukiwa umekatika alifanya vilevile. Mikro iliyokufa aliishika mbele ya mdomo, akaijaribu, akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika, kisha akapaza sauti ikafika hadi barabarani. Nilimuuliza siku moja kwa nini anahangaika na chuma kisicho na uhai. Akanijibu, "Mama Esta, batu bakiona mukono mutupu, habasikilizake."

Kitu kimoja alichokiogopa ni ukimya. Sijui kilimtokea nini zamani, lakini watu wakinyamaza mbele ya mgeni Protokole alitoka jasho. Kwake ilikuwa aibu ya nyumba nzima, sawa na kumkaribisha mtu na kumwachia kiti chenye vumbi. Dawa yake ilikuwa makofi. Mgeni amemaliza kusema? Makofi! Mgeni amekohoa katikati ya maneno, amesahau alipofika? Makofi ya kumtia nguvu! Kwenye matanga fulani katekista alisoma maisha ya marehemu, akafika mwisho, akakunja karatasi, na kabla machozi hayajaanza tena Protokole akasema, "Tumupigie makofi." Watu wote wakapiga, na mjane naye akapiga. Tulipofika nyumbani ndipo tulipoanza kucheka, tukacheka hadi mbavu zikauma, lakini pale pale hakuna aliyeona vibaya. Mkono wetu ulikuwa umemzoea.

Koti lake nalifahamu kuliko alivyolifahamu yeye. Lilikuwa la kijivu, la kizungu, mabega mapana kuliko yake, na bitana niliibadilisha mara nyingi hivi kwamba hapakubaki uzi wa asili ndani. Vifungo havikulingana. Mfuko wa kushoto alitia leso ya jasho lake, na mfuko wa kulia leso nyingine, safi, iliyopigwa pasi, ya kufutia viti vya wageni. Hakuwa mtu wa kuzichanganya. Mtu akija kwangu kwa kipimo na Protokole akiwapo, alinyanyuka, akatoa ile leso ya kulia, akafuta kiti changu mwenyewe mbele ya macho yangu, akamwambia mteja, "Karibu, ukae." Nilimwambia mara ngapi kwamba viti vyangu ni safi! Alisikia, akatabasamu, na kesho yake akafuta tena.

Kuna habari yake na kiboko ambayo wengine husema ni uongo, ila mimi nilimwona. Viboko wetu hutoka ziwani gizani kula majani, na alfajiri wengine huwa hawajarudi. Asubuhi moja nilikuwa nafagia mbele ya mlango, nikamwona Protokole anatoka misa ya kwanza kwa njia ya chini, na kiboko mkubwa anashuka kuelekea majini. Mtu mwenye akili angekimbia. Yeye alisogea ukutani, akafunga kifungo cha koti, akainamisha kichwa kidogo, na kiboko akapita. Nilipomfokea, maana ufagio ulikuwa umeniponyoka kwa hofu, akasema mkubwa akipita anaachiwa njia, hakuna la kujadili.

Nyumbani kwake alikuwa bubu. Hili wengi hawakulijua. Aliingia, akatundika koti msumarini, akakaa, na kuanzia hapo mke wake ndiye aliyesema. Mama Protokole ni mwanamke mpana, mcheshi, mwenye mdomo usio na breki. Alizoea kuniambia, "Maneno yote anaachaga kwa batu. Kwangu analetaga njaa tu." Mumewe alicheka kimya akiendelea kula.

Na hakujua kukataa. Ukimwomba neno alisema ndiyo kabla hujamaliza kuomba. Kwa ajili hiyo alijikuta siku moja amekubali arusi Kimanga na matanga Mulongwe mchana uleule. Akapanda pikipiki, akawa anaenda na kurudi, koti likipeperuka nyuma, na safari ya mwisho akafika matangani amechanganyikiwa, akashika mikro, akasema, "Sasa tunaomba familia ya bibi arusi isimame." Wafiwa wakasimama! Walitazamana, hawakujua la kufanya, wakasimama tu kwa sababu Protokole amesema. Aliponisimulia mwenyewe wiki iliyofuata alikuwa ameficha uso kwa leso ya kushoto.

Jambo ambalo nililiona kwa kuchelewa ni kwamba yeye hakuwahi kupigiwa makofi. Na ingewezekanaje? Anayeomba makofi hajiombei. Shughuli ikiisha watu walimshukuru mwenye nyumba, waliwashukuru wapishi, walishukuru kwaya, na Protokole alikuwa pembeni anazungusha waya wa mikro kwenye kiwiko.

Sasa niseme habari ya uwanja, maana ndiyo iliyonifanya nimwandike.

Chini ya nyumba zetu kuna bustani ya watu wote. Ni neno kubwa, bustani; ni majani, mikaratusi kadhaa, na katikati uwanja wa mpira tunaouita Teren. Pembeni, upande wa ziwa, akina mama wa ndagala, dagaa wa kwetu, huanika samaki wao juani. Jumapili mchana kuna mechi, na Protokole alizitangaza kwa mikro ya mkono akiwa amesimama juu ya jiwe. Nyumba yangu ni ya kona ya juu, ya kwanza kabisa ukitoka Teren. Na wote tuliokaa pale tunajua jambo moja kuhusu Teren: mto Mulongwe ukifurika, maji yanayoshuka na barabara huingia uwanjani, hutandaa, hupita katikati ya wachezaji kama wapo, na kwenda ziwani. Yanaharibu mechi, ndiyo. Lakini hayaingii kwangu. Waliokaa sehemu nyingine wamezika watu kwa sababu ya mto ule. Sisi wa kona tulisafisha tope miguuni tu, kwa sababu maji yalikuwa na pa kupita.

Ukaja mradi. Teren itengenezwe: ardhi inyanyuliwe kwa udongo, nyasi nzuri ziwekwe, jukwaa la kukaa watazamaji lijengwe, na ukuta uzunguke kila upande, mbuzi na viboko wasiingie. Kabla ya kujenga ilibidi wapime kama kazi hiyo itadhuru mazingira na wasikie maoni ya wananchi. Aliletwa mama mmoja kutoka Bukavu, msomi wa mambo hayo, mpole, mwenye miwani, ambaye sote tulimwita Madame. Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Shefu wa kartiye alifungua, na bila shaka mikro alishika Protokole.

Mkutano ule ulikuwa mzuri sana, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Kwaya iliimba. Madame alipewa kiti kilichofutwa na kufutwa tena. Alitubandikia michoro ukutani akaeleza, na alipofika kwenye jukwaa akaonyesha chumba kidogo juu yake. "Na hapa," akasema, "atakaa mwenye kutangaza mechi." Watu wote tukageuka kumtazama Protokole. Alivuta koti kwa mbele. Sijamwona mtu akipendwa na mchoro namna ile.

Mwishoni Madame akauliza kama kuna mwenye wasiwasi wowote. Tukanyamaza. Ilikuwa pumzi moja au mbili, watu wanatafuta maneno, nani aanze, aanzeje mbele ya mgeni. Protokole akaona jasho linakuja. "Makofi kwa Madame!" Tukapiga. Akauliza tena, labda hatukumsikia vizuri. Protokole akasema, "Makofi ya nguvu!" Tukapiga ya nguvu, na mimi nilipiga kama wengine, mgeni amesafiri kutoka mbali. Madame akatabasamu, akaandika kitu, akaondoka na ndizi alizopewa na akina mama.

Kuanzia hapo Protokole alibadilisha njia ya kupita. Akitoka kwangu alizunguka kupitia Teren, akasimama pale ambapo chumba chake kitakuwa, akaangalia goli la huku na goli la kule. Alikuwa tu anapima jinsi mpira utakavyoonekana akiwa juu, na mimi nilimwacha na furaha yake.

Kisha vijana wa kupima walikuja kupigilia vijiti na kuvuta kamba mahali ukuta utakapokaa. Nilikuwa kwenye cherehani, nikaiona ile kamba inapita mbele ya mlango wangu, inakata barabara, inafunga upande wote wa juu wa Teren. Mguu wangu uliacha kukanyaga pedali. Maji yakishuka yatakuta ukuta. Yakikuta ukuta yatageuka. Na pa kugeukia palikuwa mahali pamoja tu, mlangoni nilipokuwa nimekaa. Ukiniuliza kama niliogopa, niliogopa. Nyumba ile tulijenga na marehemu mume wangu kwa mikono, na cherehani ile ndiyo imenilisha na kusomesha mtoto.

Shefu wa kartiye nilipomwendea akasema maoni yalishatolewa, watu walikubali kwa makofi, ila Madame atarudi mara moja zaidi kufunga kazi kabla ya kuipeleka juu. Nikaenda moja kwa moja kwa Protokole. Nilimkuta anakula, mke wake yuko kwenye jiko la makaa.

"Muzee, ile ukuta itaniletea maji mu nyumba," nikasema hata bila salamu. "Useme kwa mikro, Madame asikie."

Alinawa mikono polepole. "Mama Esta, makofi tulishapiga. Madame alienda na furaha. Akirudi tutamuambia nini? Eti tulikuwa tunamudanganya?"

"Utamuambia maji iko na njia yake."

"Minye niko protokole. Protokole hana maoni. Anapana batu neno, yeye habakiake nayo."

"Basi siku ile maji itaingia kwangu, ukuje na mikro yako, uifutie kiti!"

Nilisema kwa hasira, na nilipoona uso wake nikatamani kulirudisha neno lile. Mama Protokole akageuka kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Weye muzee, Mama Esta akikufa na maji, nani atakushonea ile koti? Mu kile chumba chako cha juu utaingia na singileti?"

Nilitoka nikafunga mlango kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na siku zilizofuata hakupita kwangu.

Siku ya mkutano wa pili nilikaa benchi ya nyuma. Nilijipanga kusema, lakini nilijua desturi yetu: bila protokole kukupa neno, wewe ni mlevi aliyeingia mkutanoni. Madame alieleza tena, akakumbusha tuliyoyakubali, akashukuru. "Nimemaliza," akasema. "Aksanti sana."

Tukanyanyua mikono. Darasa zima, viganja tayari, macho kwa Protokole. Yeye alikuwa amesimama karibu na ubao, mikro mdomoni, na hakusema kitu.

Mikono yetu ilibaki hewani. Wengine waliishusha magotini, wengine wakaikunja. Mtu alikohoa. Nilimwona Protokole anatoa leso kujifuta jasho, na nikashtuka, maana ilikuwa ya mfuko wa kulia, ile ya wageni. Shefu wa kartiye akamnong'oneza, nusu chumba tukasikia, "Protokole! Makofi!"

Akajibu kwa mikro, sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Makofi itakuya. Lakini batu baseme kwanza."

Halafu akanyamaza tena. Alisimama ndani ya ule ukimya aliouogopa maisha yake yote, akauacha ukae. Madame alivua miwani, akatutazama, akavuta kiti, akakaa. "Nitangoja," akasema.

Ndipo Protokole akanyoosha mkono hadi benchi ya nyuma. "Mama fundi, neno liko kwako."

Nilisimama nikasema. Sikusema vizuri, nilianzia katikati, nikarudi nyuma, nikataja mume wangu ambaye hakuhusika kabisa, lakini nilisema maji yanapita wapi na ukuta utayapeleka wapi. Nilipokaa, mama mmoja wa ndagala akasimama akasema hata sehemu ya kuanikia imemezwa na michoro, wao waende kuanika wapi, juu ya paa la kanisa? Watu wakacheka, na kicheko kikafungua midomo. Baada yake walisema wengi.

Madame alisikiliza wote. Kisha akamgeukia Protokole, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kuelewa. "Mara ya kwanza niliuliza kama iko wasiwasi. Nikauliza mara mbili. Mulinijibu na makofi, nikaandika batu bamekubali. Juu ya nini hamukuniambia?"

"Utusamehe, Madame," akasema Protokole. "Kwetu makofi haiko kukubali. Makofi ni kusema karibu, na uende salama. Kosa iko yangu, nilikupigishia mingi."

Madame akacheka kwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo. Akasema afadhali amesikia leo kuliko kusikia baada ya ukuta kusimama. Kisha akakusanya karatasi zake. "Twende munionyeshe."

Tukatoka wote hadi Teren. Watu walikuwa wanasema kwa pamoja, huyu anaonyesha huku, yule kule, Madame anageuza kichwa tu, na hapo Protokole akawa Protokole. Akashika mikro, akaipiga kidole. "Moja, mbili. Tupangane! Leo mugeni wetu ni maji. Anatoka mulimani, amechoka, anataka kufika ziwani. Tumuonyeshe Madame anapitaka wapi. Kila mutu asimame penye aliona maji mara ya mwisho."

Alitupanga kama anavyopanga msafara wa arusi. Mimi karibu na mlango wangu, majirani wakishuka mmoja mmoja, akina mama wa ndagala huku chini kwa ziwa. Ukawa mstari wa watu unaopinda pale maji yanapopinda, kutoka barabarani hadi kwenye mawimbi. Palibaki pengo moja, karibu na katikati, na hakuna aliyekwenda kulijaza. Sote tulijua maji yalipita pale. Sote tulijua pia palikuwa mahali gani.

Protokole alilitazama lile pengo. Akaenda akasimama hapo mwenyewe, mikro mkononi.

Madame akaangalia mchoro, akamwangalia yeye. "Hapa pia?"

"Hapa pia, Madame."

Palikuwa mahali ambapo kile chumba chake cha juu kingesimama. Alifunga kifungo cha koti na kubaki amesimama hadi Madame alipomaliza kuandika. Kisha akainua mikro, akatuangalia sote tulivyojipanga, akasema, "Sasa!" Tukapiga makofi ambayo nadhani yalifika Burundi ng'ambo ya maji.

Ilichukua muda mrefu, na katikati nilikata tamaa mara kadhaa na kumkasirikia kila mwenye suti, lakini michoro ilirudi imebadilika. Ukuta wa juu ulifutwa, na ule wa chini pia. Badala yake paliwekwa nguzo na wavu usiogusa ardhi, na pembeni mwa uwanja wakachimba njia pana ya mawe na nyasi, kufuata ule mstari tuliosimama. Akina mama wa ndagala wakabaki na mahali pao. Viboko wanapita watakapo, maana hao hakuna aliyethubutu kuwaomba maoni. Jukwaa likajengwa dogo, upande mkavu, benchi tu. Chumba cha mtangazaji hakikuwemo.

Protokole hakukaa kuona msimu wa mvua. Kifua kilikuwa kinamsumbua, muganga akamkataza kupaza sauti, na binti yao aliyeolewa Bwegera akaja kuwachukua, yeye na mke wake. Koti lilibaki kwangu, lilikuwa linangoja bitana mpya. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni pangu, akanitazama, akatazama ile njia ya mawe. Aliniuliza kitu kimoja tu. "Ikipita, utaniletea habari?" Nikasema nitaileta.

Mvua ilianza kidogo kidogo, kisha ikaja ile yenyewe. Mchana kweupe milima ilipotea, na watu wa juu wakaanza kupiga kelele kwamba Mulongwe imepanda. Nilinyanyua cherehani juu ya meza, nikatia vitambaa vya wateja juu ya cherehani, nikasimama mlangoni. Sikuomba, nilisahau. Maji yalishuka na barabara, mekundu, na matawi, na ndoo ya mtu, na yalikuja moja kwa moja kwangu kama yanayonifahamu. Kwenye kona yakaona njia ya mawe. Yakainama, yakaingia, yakapita kando ya Teren yakinguruma, yakapanda hadi ukingoni mwa ile njia lakini hayakuruka, na kule chini yakaingia ziwani. Yalipita vile hadi mvua ilipochoka. Kizingiti changu kilikuwa kikavu. Nilikaa chini hapo hapo nikalia kwa sauti, halafu nikaanza kucheka, na jirani aliyeniona alidhani nimepata wazimu.

Sikungoja barabara ikauke vizuri. Nilimalizia bitana, nikapiga koti pasi, nikapanda gari la kwenda Bwegera.

Nilimkuta uani, amekaa kando ya mpunga ulioanikwa juu ya shitingi ya plastiki, fimbo mkononi ya kufukuzia ndege. Alikuwa amekonda zaidi, na sauti yake sasa ilikuwa pumzi tu, ilibidi nisogee. Lakini aliponiona alinyanyuka, akatoa leso mfuko wa kulia wa shati, akafuta kiti. Mama Protokole akatoka jikoni akipiga vigelegele, akanikumbatia, akaniuliza habari za Mulongwe yote kwa pamoja na hakungoja jibu hata moja. Nilimpa muzee koti. Alilivaa pale pale, juani, akagusa bitana kwa vidole.

"Na maji?" akauliza.

"Ilikuya, Muzee. Ilikuya mingi."

Fimbo ilisimama. Ndege wakashuka kwenye mpunga na hakuna aliyewafukuza.

"Ikapita?"

"Ikapita. Ilipita mu njia yake mpaka ziwani. Kwangu haikuingia hata kikombe."

Alifumba macho. Kifua chake kilipanda kikashuka, na nikaona mabega yale yaliyolala yakilala zaidi, kama mtu aliyeambiwa akae baada ya kusimama shughuli nzima. Palikuwa kimya, kimya kirefu, na yeye hakukitafutia dawa.

Mimi ndiye niliyeshindwa. Niliweka chini mfuko wangu, nikasimama, nikaanza kumpigia makofi. Mama Protokole alinitazama mara moja, akaelewa, akafuta mikono kwenye kitenge, naye akapiga. Binti yao akatoka ndani na kupiga bila kujua ni kwa nini. Sisi watatu, pale uani, kwa nguvu zote.

Protokole alifumbua macho. Akageuka haraka kutazama mlango wa ua, aone ni mgeni gani ameingia. Akaanza kunyanyuka, mkono mmoja ukifunga kifungo cha koti, mwingine ukitafuta leso ya kufutia kiti.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Tuliendelea kupiga.